Begi la Earl Boykins

Alinisubiri mpaka watu wote wakaondoka. Mipira ilikuwa imeshafungwa kwenye wavu, jua limeshuka nyuma ya bweni la wasichana, na yeye bado amekaa kwenye ngazi ya saruji, kamba za viatu zimelegezwa. Kijana wa kidato cha pili. Kichwa chake kinanifika begani, na mimi mwenyewe si mrefu.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba. Mbona hujaenda kula?"

"Nilitaka kukuuliza kitu." Akakaa kimya kidogo. "Kocha, mimi nitarefuka kweli?"

Kazi yangu ni kufundisha hesabu. Mpira wa kikapu naufundisha jioni, kwa mapenzi, na swali hilo nimeulizwa mara nyingi kuliko swali lolote la hesabu. Siku zote huwa najibu ale vizuri, alale mapema, mambo ya Mungu. Jioni ile jibu hilo halikunitoka. Nilikaa pale kwenye ngazi nikaanza kumsimulia habari za mtu mmoja wa Cleveland, na giza likatukuta hapohapo. Haya ninayoandika ndiyo niliyomwambia, pamoja na yale ambayo kengele ya prepo ilinikatisha.

Earl Boykins alizaliwa Cleveland, jimbo la Ohio, Juni 2, 1976. Alipofika mwisho wa kukua alikuwa na urefu wa mita 1.65 na uzito wa kilo 60 hivi. Katika historia yote ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, aliyekuwa mfupi kuliko yeye ni mtu mmoja tu, Muggsy Bogues, mita 1.60. Baba yake Boykins alipenda kucheza kikapu na watu wazima wenzake jioni, na kisa ambacho karibu kila mwandishi aliyemwandika amekigusa ni hiki: mzee alikuwa akimtia mwanawe ndani ya begi la mazoezi, anamvusha mlangoni nalo, wanaingia ukumbini. Mikono ya mtoto ilikuwa midogo mno kwa mpira wa kikapu, basi baba akampa mpira wa tenisi adunde huo.

Hili la mpira wa tenisi nimelijaribu mwenyewe, tena kwa wiki nzima. Mpira wa kikapu una uso mpana. Ukiupiga upande kidogo unakusamehe, unarudi tu mkononi. Wa tenisi haukusamehe. Ukiugusa kwa kiganja unakukimbia. Inakubidi uushike kwa ncha za vidole, magoti yapinde, mgongo ushuke, kwa sababu haupandi juu kukufuata ulipo. Uwanja wetu una ufa unaoanzia mstari wa mitupo huru hadi pembeni. Mpira wa kikapu unaupita ufa ule kama haupo, lakini wa tenisi ukiugusa unaruka kama panzi. Siku ya nne au ya tano nikashika tena mpira mkubwa, nikaona kama umefungwa kamba kwenye kidole changu. Ndipo nilipoelewa kwamba yule baba alikuwa fundi, hata kama alifanya vile kwa sababu tu hapakuwa na mpira mdogo zaidi.

Kutoka sekondari ya Cleveland Central Catholic, Boykins alikwenda Eastern Michigan, chuo kilichoko mji wa Ypsilanti. Machi 1996 chuo hicho kiliitoa Duke kwenye mashindano ya taifa ya vyuo, 75 kwa 60, na kila anayefuatilia kikapu cha Marekani anajua Duke ni kigogo. Msimu wake wa mwisho, 1997-98, alikuwa wa pili kwa ufungaji katika vyuo vyote vya daraja la kwanza nchini humo, zaidi ya pointi 25 kila mechi. Ikafika drafti ya NBA ya mwaka 1998, siku timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu. Raundi mbili, majina 58 yakasomwa. Lake halikusomwa.

Hapo ndipo yalipoanza maisha ya begi, na hapo ndipo ninapopenda kukaa. Watu wengi wakisimulia habari za wachezaji huruka sehemu hii wakimbilie umaarufu.

NBA ina kitu kinaitwa mkataba wa siku 10. Ukiingia mwaka mpya, timu ikiwa na majeruhi au pengo, inaruhusiwa kumwita mchezaji kwa siku 10 tu. Zikiisha, inaweza kumpa siku 10 nyingine. Baada ya hizo inapaswa kuamua: imsajili mpaka mwisho wa msimu, au imwache aende zake. Hebu fikiria siku 10 zina nini ndani yake. Mechi nne, tano. Mazoezi mawili matatu, maana katikati ya msimu timu iko angani kila baada ya siku moja. Wenzako wana nyumba, wana watoto shuleni, wewe uko hotelini. Unapewa kitabu cha mipangilio ya timu usiku, na kesho jioni kocha anaweza kukuinua benchi zikiwa zimebaki dakika mbili akataka ujue kila mtu anasimama wapi. Ukikosea mara moja, zile siku zimekwenda. Huna "nitazoea tu".

Boykins aliishi hivyo kwa miaka. Alijaribu Nets ya New Jersey, wakamwacha. Alipita pia Rockford, Illinois, kucheza CBA, ligi ndogo ya wakati ule ambayo msimamo wake ulipangwa kwa namna ambayo sijaiona kwingine: kushinda mechi pointi tatu, na kila robo moja utakayoshinda pointi moja, jumla saba. Maana yake hata timu yako ikiwa imezidiwa pointi 30, robo ya nne bado ina thamani. Hakuna dakika ya kupumzika. Huwa nafikiri ile ndiyo shule bora aliyowahi kusoma mchezaji wa benchi. Kisha Cavaliers ya nyumbani kwao Cleveland, kisha Magic ya Orlando ambako alicheza mechi moja tu, moja, kisha Cavaliers tena, kisha Clippers, kisha Warriors msimu wa 2002-03. Timu tano kabla ya miaka mitano kutimia.

Kati ya haya yote alikuwa akinyanyua vyuma. Ilisimuliwa sana kwamba alilala kwenye benchi akanyanyua kilo 143, zaidi ya mara mbili ya uzito wake. Ukiangalia mechi zake unaona kwa nini. Mtu mfupi akiingia chini ya ringi, mabeki huwa hawarukii mpira, humsukuma kwa kifua tu. Boykins ukimsukuma, anabaki palepale, anasimama ghafla, wewe unapita, yeye anaruka na kutupa. Kusimama ghafla ndiko kulikokuwa silaha yake. Watu wanafikiri mfupi anaishi kwa mbio, kumbe mbio kila mtu anazo.

Mwaka 2003 Nuggets ya Denver ilitoka kwenye msimu wa aibu, ushindi 17 na vipigo 65. Mwaka huohuo ikamchukua Carmelo Anthony kwenye drafti, na kwa Boykins ikatoa mkataba wa miaka mitano. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, mtu huyu akawa na sababu ya kutoa nguo kwenye begi na kuzitundika. Msimu uliofuata Denver ilishinda mechi 43 na kuingia mchujo, jambo lililokuwa halijatokea tangu 1995. Yeye akitokea benchi alifunga zaidi ya pointi 10 kila mechi. Novemba 2004 aliifunga Detroit Pistons, mabingwa wa wakati huo, pointi 32, na hakuna mtu mwenye kimo kama chake aliyewahi kufikisha 30 kwenye ligi ile.

Halafu Januari 18, 2005, dhidi ya Seattle SuperSonics. Mechi ikaenda muda wa ziada, dakika tano. Ndani ya dakika hizo tano Boykins peke yake alifunga pointi 15. Hakuna aliyekuwa amefanya hivyo kabla. Rekodi ya zamani ilikuwa 14, ya Butch Carter. Desemba 2006 Gilbert Arenas aliipita kwa 16, na mwaka 2016 Stephen Curry akafunga 17 katika muda wa ziada, tena kwenye mchujo. Nilipofika hapa kijana alinikatiza.

"Kumi na tano? Dakika tano?"

"Dakika tano."

"Sisi juzi tulipata kumi na moja mechi nzima, kocha."

Ni kweli, na niliumia moyoni kukumbushwa.

Desemba 2006 Denver ilimleta nyota Allen Iverson. Anthony alikuwa amefungiwa mechi 15 kwa ugomvi wa New York, na kwa wiki kadhaa Iverson na Boykins walicheza pamoja, wafupi wawili kwenye mlango mmoja. Boykins alikuwa kwenye kiwango cha juu kuliko wakati wowote wa maisha yake. Januari 2007 akapelekwa Milwaukee Bucks, yeye na mwenzake mmoja, ili Denver impate Steve Blake. Mpira wa kulipwa unafanya hivyo. Unaweza kuwa hujakosea chochote na bado ukaambiwa pakia.

Baada ya hapo begi halikufunguka tena mpaka chini. Charlotte. Kisha Italia, Virtus ya Bologna, msimu wa 2008-09. Kisha Wizards ya Washington. Kisha Milwaukee kwa mara ya pili, na hapo Desemba 2010, akiwa na miaka 34, aliingia uwanja wa Los Angeles Lakers waliokuwa mabingwa mara mbili mfululizo, akawafunga pointi 22, na Bucks wakaondoka na ushindi.

Timu ya kumi na ya mwisho ilikuwa Houston Rockets, na hapa Mtanzania hawezi kupita bila kusimama. Hasheem Thabeet wetu, mita 2.21, chaguo la pili la drafti ya 2009, alikuwa Houston msimu huo. Machi 15, 2012 Rockets wakampeleka Portland wakimchukua Marcus Camby, yuleyule Camby aliyecheza na Boykins Denver. Mwishoni mwa mwezi huohuo Houston ikamwita Boykins kwa siku 10. Thabeet na Boykins walipishana kwenye klabu moja kwa siku chache tu. Tofauti ya urefu wao ni sentimita 56. Mmoja jina lake lilisomwa la pili kati ya dunia nzima, mwingine halikusomwa kabisa. Na mwenye sentimita chache ndiye aliyedumu kwenye ligi ile zaidi ya miaka 10 akacheza mechi zaidi ya 600. Nasema hili bila kumshusha Thabeet hata chembe. Ametufungulia mlango ambao hakuna Mtanzania aliyewahi kuugusa, na mwili wa mita 2.21 una mizigo yake. Ninachosema ni kwamba tukiwapanga watoto mstari na kuwachagua kwa macho, tunapima kitu kimoja tu kati ya vingi.

Alipoacha kucheza, Boykins alikuwa kocha mkuu wa timu ya wavulana ya Douglas County High School, sekondari ya mji wa Castle Rock, Colorado. Mji huo uko kati ya Denver na Colorado Springs, umepewa jina la mwamba uliokaa kama ngome juu ya kilima. Mtu aliyewahi kulala hoteli za karibu kila jiji la Marekani, jioni yake ikawa ukumbi wa shule.

Wako wengine waliotoka NBA wakaenda sekondari, na majina yao ni makubwa kuliko lake. Brandon Roy aliichukua Nathan Hale ya Seattle na msimu wa 2016-17 wakashinda mechi zote 29. Penny Hardaway alichukua ubingwa wa jimbo mara tatu mfululizo na shule ya East, Memphis. Lakini hao walikuwa nyota, na nyota akisimama mlangoni kwa shule, vipaji vya mikoa mingine navyo huja. Nathan Hale ya Roy ilikuwa na Michael Porter Jr., aliyekuja kucheza NBA. Sina kinyongo nao. Ila aliyenivuta ni huyu wa begi, na kitu kilichonigusa zaidi nilipokitambua ni kwamba Muggsy Bogues naye, yule pekee aliyekuwa mfupi kuliko Boykins, aliwahi kufundisha sekondari moja ya Kikristo kule Charlotte. Watu wawili wafupi kuliko wote katika historia ya ligi ile, wote wawili wakasimama mbele ya watoto wa shule.

Mimi nina imani moja kuhusu jambo hili na nitaisema wazi. Aliyechaguliwa siku zote mara nyingi hajui kwa nini alichaguliwa. Mwili ulimbeba, wengine wakampisha. Aliyeachwa na kuitwa, akaachwa na kuitwa, anajua kwa kina kabisa nini kinamfanya mtu abakizwe: kujua nafasi ya wenzako wanne na si yako tu, kuongea ukiwa ulinzini, kutopoteza mpira ukiingia umepoa, kutia mitupo huru. Boykins alitia zaidi ya 85 kati ya kila 100 katika maisha yake yote ya NBA. Mtupo huru hauna habari na kimo chako, hakuna anayekuzuia.

Tena angalia amekaa mbele ya ubao wa makocha gani. Mike Fratello Cleveland, Doc Rivers Orlando, Alvin Gentry kwa Clippers, Eric Musselman kwa Warriors, George Karl Denver, Flip Saunders Washington, Scott Skiles Milwaukee, Kevin McHale Houston. Mpangilio uleule wa mashambulizi Denver una jina hili, Milwaukee una jina lile. Mtu wa siku 10 hawezi kukariri majina, hayana muda wa kukaa kichwani. Anajifunza kuona umbo lenyewe. Nani anamkinga nani, nafasi inafunguka upande gani. Na mtoto wa sekondari anahitaji hasa hilo. Nimewahi kuwapa vijana wangu mipangilio sita yenye majina mazuri, wakaikariri yote kama shairi, na kwenye mechi wakagongana wao kwa wao. Mwaka huu nimewapa miwili, bila majina.

Sekondari ya Marekani robo ni dakika nane, si 12 kama NBA. Mazoezi ni baada ya masomo. Na kila Novemba kuna jambo ambalo kocha hawezi kulikwepa: majaribio. Wanakuja vijana wengi, siku chache baadaye inatoka orodha, na wengine majina yao hayamo. Nimelitafakari sana hili. Mtu aliyeambiwa "asante, tutakuita" mara nyingi namna ile, mikononi mwake sasa kuna karatasi ya kuwakata watoto wa miaka 15.

Hakubaki Castle Rock. Mwaka 2019 Eric Musselman, yuleyule aliyekuwa kocha wake Warriors, alipewa Chuo Kikuu cha Arkansas, na Boykins akaenda kufanya naye kazi. Musselman naye ni mtoto wa CBA, aliwahi kufundisha huko kabla ya NBA. Hao watu wa ligi ndogo hawasahauliani. Mwaka 2021 akahamia El Paso, Texas, kuwa kocha msaidizi wa chuo cha UTEP. Begi likafungwa tena, safari hii limebeba filimbi.

Kengele ya prepo ililia nikiwa bado Bologna. Kijana akasimama, akafunga kamba za viatu polepole kama mtu asiyetaka kuondoka. Niliingia ofisini, nikamtolea ule mpira wa tenisi niliokuwa nafanyia jaribio langu. Nikamwonyesha ule ufa uwanjani.

Kwa wiki tatu nilimsikia kabla sijamwona. Mdundo wa tenisi ni mwembamba, mkavu, unakwenda haraka kuliko moyo. Alfajiri kabla ya usafi wa mazingira, mchana wenzake wakiwa kwenye foleni ya chakula. Wiki ya kwanza kila baada ya midundo mitano alikuwa akiukimbilia kwenye majani. Wiki ya tatu aliuvusha ufa mkono wa kushoto, akageuka, akauvusha wa kulia, macho yake yakiwa yananiangalia mimi.

Ijumaa ilikuwa siku ya orodha ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Nafasi za shule yetu zilikuwa 12. Miaka yote nilikuwa nabandika karatasi kwenye mbao za matangazo na kuondoka kabla hawajaisoma. Mwaka huu sikubandika. Niliweka viti viwili chini ya mwarobaini nikawaita mmoja mmoja, wote 31, waliopita na wasiopita, nikamwambia kila mmoja kwa nini.

Yeye alikuwa wa 13. Nilimwambia hivyo, wa 13, na nikamwambia mambo mawili ambayo mlinzi aliyempita anayafanya na yeye bado hajayaweza: anaongea kwenye ulinzi, na anaona pasi kabla hajapokea mpira. Alinisikiliza bila kuinamisha kichwa. Akauliza kama anaweza kuendelea kuja mazoezini, nikamwambia jioni ileile, saa kumi na nusu.

Akainuka. Alikuwa ameshapiga hatua tatu nne akarudi, akatoa kitu mfukoni.

"Kocha, mpira wako wa tenisi."

Ulikuwa umeisha manyoya upande mmoja, umebaki ngozi tupu. Nikamwambia akae nao.